Mkono wa Bibi

Jumapili, 9 Machi

Koku amemfunga mwanasesere wake kwenye mguu wa stuli, sasa hivi, mbele yangu. Kwa kipande cha kanga. Nimemuuliza unafanya nini, mwanangu. "Bibi analala hivi." Kisha akamfunika na kumwambia nyamaza.

Ana miaka mitatu. Hawezi kutunga hilo.

Jana tulikuwa Kishanda kwa Bibi, mama yake mama. Nilituma taarifa mapema. Kwa mzee huingii tu. Tulimkuta ameogeshwa, amevaa gauni la kanisani. Jovita, mhudumu aliyeletwa na kampuni ya Bukoba ya kuhudumia wazee, akatutolea kahawa za kutafuna. Tukacheka naye. Koku alikuwa ametangulia chumbani kabla Bibi hajatolewa. Sikumjali.

Dagaa bado hawajaanikwa. Nimekaa tu.

Jumanne, 11 Machi

Leo sikutuma taarifa. Jirani yake Bibi, mama Anatoli, alinikuta kwenye kijia akasimama. "Mama Koku, unamvamia bibi yako kama mgambo?" Niliona aibu. Nikaendelea.

Jovita kibarazani, simu sikioni. Bibi ndani. Mkono wa kushoto umefungwa kitandani kwa kitambaa. Amelowa. Nzi.

"Anadondoka," Jovita akasema. "Niko peke yangu hapa tangu asubuhi mpaka asubuhi. Akivunjika nyonga utamlaumu nani?"

Nilifungua fundo kwa meno. Nilitamani meno hayo yawe shingoni mwa Jovita. Nikamwambia aondoke, akaondoka.

Bibi akaninong'oneza kwa Kihaya nisimgombanishe na mtu anayemlisha. Hapo ndipo nililia. Kumchukua siwezi. Tuna chumba kimoja, baba Koku yuko kisiwani Bumbire na mitumbwi, na Bibi mwenyewe hataki kuacha kibanja alimozikwa Babu. Mama Anatoli amekubali kulala naye kwa sasa.

Nimempigia Mjomba Deo kule Mwanza, yeye ndiye anayeilipa kampuni. "Wana kibali cha serikali. Usianze maneno yako."

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya ustawi wa jamii, Muleba. Ofisa kijana, mpole. Amesema Bibi alishakaguliwa, na wazee wengine wanaohudumiwa na kampuni hiyo, wote wakakutwa wasafi. Nikamuuliza, mnapiga simu kwanza? Akanishangaa.

"Lazima, dada. Utaingiaje kwa mzee wa watu bila taarifa?"

Kumbe. Adabu yetu ndiyo ilikuwa inampa Jovita muda wa kuficha kile kitambaa. Adabu ya ofisi, na yangu.

Ofisa alifungua daftari, akaandika jina la Bibi. Akaomba nirudi kuandikisha maelezo.

Nataka afungwe. Si jela tu. Afungwe kwenye nguzo sokoni, siafu wapite, na mimi niuze dagaa pale pale nikimwangalia. Naandika hivi na sioni haya.

Jumatatu, 17 Machi

Maelezo. Ofisa akauliza, alikuwa anampiga? Mdomo ulikuwa tayari kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, angelala mahabusu leo.

Nikasema sikuona.

Si kwamba nimemhurumia. Bibi akiulizwa atasema hajapigwa, na uongo wangu mmoja ungekuwa mlango wa Jovita kutokea. Sitaki atoke. Nimesema nilichokiona tu: mkono, kitambaa, mkojo, nzi. Nimekisema chote.

Jumatano, 26 Machi

Bukoba. Kikao cha maofisa na kampuni. Kumbe ofisa wetu amepita nyumba nyingine bila kupiga simu. Kakuta wazee wengine wamefungwa. Mzee mmoja kajifunga mwenyewe kitambaa kiunoni, kazoea.

Mama mwenye kampuni alisema wahudumu wake hawana wa kuwapokea zamu, ndiyo maana. Hakutaja ni nani aliyewaweka hivyo. Nikasimama. Nikasema mje bila hodi ya simu. Na sisi ndugu turuhusiwe kuingia saa yoyote.

Wameandika. Kibali kimesimamishwa mpaka kila mzee awe na wahudumu wawili wa kupokezana. Ukaguzi bila taarifa. Kumfunga mzee ni marufuku. Jovita haruhusiwi kuhudumia mzee tena, na faili lake limekwenda polisi.

Jovita, aliyekuwa ameitwa kikaoni, alilia. Nilifurahi. Nje akanifuata: "Nisamehe, mama Koku." Nikatazama viatu vyake mpaka akaondoka.

Mjomba alipiga simu jioni. Aliuliza kama Bibi amekula.

Jumamosi, 12 Aprili

Niko Kishanda. Mvua imepita, ndizi zinadondosha maji. Kampuni imerudishiwa kibali, wahudumu wake wapya wawili wanapokezana, wa leo anamenya ebitoke, ndizi za kupika, nyuma ya nyumba.

Asubuhi ofisa alitokea bila taarifa. Alimkuta Bibi hajafunga kilemba, kahawa ya kumtolea mgeni hakuna. Bibi alikasirika kweli. "Nyie watoto mmelelewa wapi?" Ofisa akapiga goti, akaomba radhi, akaangalia mikono ya Bibi yote miwili, akaandika. Alipoondoka Bibi akanigeukia mimi. Anajua ni kazi yangu. Amesema nimemwaibisha nyumbani kwake.

Nikaushika mkono wake wa kushoto. Alama ya mkononi imeanza kufifia.

Jovita bado sijamsamehe. Bibi anasema nimwachie Mungu. Nimemwambia nitamwachia, lakini kwanza nataka nimwone amesimama mahakamani, na siku hiyo nitavaa gauni langu la bluu nikae mbele kabisa, halafu ata—

Bibi ananiita, anataka nimfunge kilemba.