Jina Lililokatwa Kharumwa

Dada Ng'washi, shikamoo.

Jua la Kharumwa linachoma, na matobolwa niliyopewa asubuhi, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, ni magumu mpaka taya zinauma. Nimekuja zahanati kuona ile maktaba yetu ya Haskell, ule msimbo niliouandika wa kusomea majina ya wagonjwa kwenye kompyuta, ikifanya kazi. Unakumbuka nilivyojisifu kwamba sasa inasoma data haraka? Haipiti tena herufi moja moja, inakimbilia tu alama inayofunga jina.

Leo nesi akasoma kwenye kompyuta, "Ng! Nani Ng?" Watu wakacheka, asiinuke mtu. Akaita mwingine. Mama mmoja akabaki kwenye benchi na mtoto wake mwenye homa, hadi nikamwuliza jina. "Ng'walu," akasema. Kumbe programu yangu ilidhani ile alama ya ng' ndiyo mwisho wa jina, maana kila jina nililifunga kwa alama hiyohiyo.

Nilipomwomba radhi akanijibu kwa upole, "Haina shida, kaka. Wakiita tena Ng, nitaitika tu."

Nibusie wanao. Jina lako nililijua kabla sijajua kusoma, dada. Mbele ya kompyuta nililisahau vipi?

Mdogo wako,
Masanja