Vyuma vya Otieno

Mpenzi Mama Otieno,

Natumai unapata usingizi, hata kama ni kidogo. Huku Eldoret mvua haijaacha na baridi imeingia hadi mifupani. Leo nilienda chuoni Chepkoilel kuchukua vitu vya marehemu mtoto wetu, nikiwa nimeapa sitaacha hata kalamu.

Chebet, mwenzake wa maabara, alinionyesha kazi ambayo Otieno alikuwa akifanya kabla ya kuugua.

"Mzee, kuna mitambo ya kuunganisha atomi, vile jua hufanya. Chembe zenye umeme hutoroka humo. Wengi hutaka joto lichemshe maji, mvuke uzungushe jenereta. Otieno alitaka tuzidake hizo chembe na hivi vyuma, tupate stima moja kwa moja."

"Na inafanya kazi?"

Hapo hawana mtambo wenyewe, ila aliwasha kifaa kidogo cha kurusha chembe kwenye vile vyuma. Mshale wa mita ya stima ukapanda kidogo, ukatulia. Na mimi ndiye niliyemwambia Otieno aache hayo, arudi afunge nyaya kwa nyumba za watu.

Chebet akaomba wabaki na vyuma, amalizie. Vilikuwa vimebandikwa karatasi yenye mwandiko wa Otieno: "Msiguse, bado najaribu." Nikalia mbele ya wanafunzi. Hakuna aliyenicheka.

Nimewaachia. Najua ulitaka kila kitu chake kirudi nyumbani. Nikifika Jumamosi unikasirikie, lakini tukae pamoja. Na ule chakula, hata kama hutaki.

Wako daima,
Baba Otieno