Mahindi Yaliyovunwa Kabla ya Giza

Jumanne, 3 Septemba 1985. Naitiri
Nimesahihisha madaftari ya darasa la saba. Vichwa vigumu. Mvua saa tisa, kama kawaida. Redioni wataalamu wamesema mabomu yote ya nyuklia duniani yakilipuliwa, moto si mwisho. Moshi wa miji inayoungua utapanda na kuziba jua miezi mingi. Baridi. Mimea itakufa hata huku kwetu, ambako hakuna atakayetupiga. Njaa itaua wengi kuliko mabomu. Sikumaliza chai.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimewaeleza wanafunzi. Msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, sisi tumekosea nani?" Nikampa hesabu afanye.

Jumapili, 8 Septemba
Mhubiri kasema tusiogope. Yeye hana shamba. Redio: wakubwa wa dunia bado wamenuniana. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa daftari halicheki.

Jumatatu, 9 Septemba
Nilienda Kitale kununua magunia. Moshi wa kiwanda cha mbao ulitanda juu ya mtaa wa Kibomet, jua likawa jekundu. Najua ni moshi wa mbao. Hata hivyo nikaharakisha kurudi nyumbani. Nimeamua: tunavuna sasa.

Mke wangu, Mama Wekesa, hataki. "Baba Wekesa, mahindi bado iko na maji. Si tungoje ikauke, tukate, tusimamishe kwa shamba kama watu wote?" Nikamjibu kwa ukali kwamba watu wote hawasikilizi redio.

Alhamisi, 12 Septemba
Tumevuna. Majirani walisimama kwenye ua wakicheka, ati mwalimu anakimbizwa na nani. Wacheke. Atakayecheka mwisho tutamjua. Ghala limejaa hadi mlangoni. Ila mke wangu amekataa tusivune kipande cha chini cha shamba, cha mtoni. "Hii ni yangu. Jua ikizima, nitakula giza." Nimekasirika.

Jumatano, 25 Septemba
Ghala linanuka. Nimeingiza mkono katikati ya mahindi. Moto, kama lundo la samadi. Ukungu wa kijani hadi kwenye gunzi. Chakula chetu cha mwaka mzima. Nimemwita Mama Wekesa. Akatazama, akaenda kutafuta turubai. Bora angenitukana.

Ijumaa, 27 Septemba
Tumeanika kila mahali. Turubai, mikeka, hata mashuka. Saa tisa mvua, mbio kurudisha ndani. Majirani wamekuja kusaidia, wale wale. Leo hakuna aliyecheka. Hilo ndilo limeniumiza.

Jumanne, 1 Oktoba
Tumechimba shimo. Karibu yote yameingia humo. Hata kuku hatukuwapa. Mimi mpumbavu.

Jumamosi, 16 Novemba
Tumepukuchua mahindi ya kipande cha mtoni. Makavu, meupe, yanalia yakianguka kwenye beseni. Yatatufikisha Machi. Baada ya hapo sijui. Mama Wekesa amenipa ufito, nikaelewa kazi yangu.

Betri za redio zimeisha. Sijanunua nyingine. Mabomu yote bado yapo, hata moja halijalipuka. Njaa itafika kwangu kwanza, na nimeileta mwenyewe.

Mchana kutwa nimekaa kando ya turubai nikifukuza kuku. Wingu likapita. Nikasimama. Jua likarudi, nikakaa.