Munyakazi na maiki mkononi

Donatha, bado niko uwanjani, mikono imejaa oili. Usinipigie, nitalia au nitacheka.

Unajua mi ndiye ninayetunza pikipiki ya mbio ya Munyakazi, ile ya babu yake ya mwaka 1956. Leo ameleta fundi kutoka Dar. Munyakazi akaninyang'anya spana mbele ya watu: "We dada, shika kitambaa, futa futa tu."

Futa futa. Mi, na diploma yangu ya umakanika.

Huyo fundi akafunga jeti kubwa ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, inayofaa kwao pwani. Nikawaambia huku kwetu juu hewa ni nyepesi, petroli itazidi. Munyakazi akacheka: "Bon, haya, profesa amesema."

Mbio ya kwanza, moshi mweusi. Ikakohoa, ikazimika mita kumi tu kutoka mstari wa kuanzia.

Munyakazi akanijia mbio. "Dada, rudisha jeti yako ndogo, mbio ya pili iko bado."

Nikamwambia, "Kwanza chukua maiki ya mtangazaji, uwaambie watu fundi wako ni nani."

Akaichukua kweli. "Fundi wangu ni..." Akanitazama. "Ni..."

Miaka miwili, Donatha. Hajui jina langu.

Nikaichukua hiyo maiki, nikalitaja mwenyewe: Nyirasafari, fundi, natafuta kazi. Hitimana, mpinzani wake, akaniita hapo hapo.

Sasa nimemaliza kukaza mnyororo wa Hitimana. Munyakazi anahangaika kuwasha ya kwake. Jeti ndogo iko kwenye boksi lake mwenyewe la spana, chini ya matambara. Simwambii.