Rambirambi za Mtoto Aliye Hai

Shoga, uko wapi? Pokea simu! Basi nakuachia ujumbe wa sauti, hata kuandika siwezi.

Si unamjua Kibogoyo, yule mtoto mgonjwa wa moyo tunayemchangia kwenye grupu kwa sababu kwao hawajiwezi? Leo asubuhi ameingizwa chumba cha upasuaji.

Na tabia yangu unaijua. Kila mtoto wa grupu letu akienda kupasuliwa, huwa naandaa jumbe mbili mapema, moja ya shukrani na moja ya rambirambi, nisije nikaandika huku nalia.

Nimetuma ya rambirambi.

Kwenye grupu! Nilitaka kuisoma tu, kidole kikateleza. "Malaika wetu ametutangulia." Mtoto yuko mezani, shoga! Yuko hai! Yaani, alikuwa hai alipoingia!

Nimeifuta, lakini watu walishaisoma. Mweka hazina kajibu, "Poleni, tulimpenda sana." Tulimpenda! Nikamwambia afute upesi, mtoto hajafa. Ananiuliza, "Kwani amefufuka?"

Na mama yake yumo humo. Yumo! Mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza, aone watu wanavyomjali mwanawe. Sasa hivi amekaa kwenye benchi nje ya mlango wa upasuaji, simu mkononi.

Ngoja.

Anapiga. Mama Kibogoyo anapiga.

Shoga, sijui kama daktari ameshatoka. Sijui ananipigia kunitukana au kuniambia kwamba sikukosea.

Ee Mungu wangu, yawe matusi. Yawe matusi tu.

Napokea.