Nilimvisha Mjane wa Mwandishi Wetu Shada la Marehemu

Mama Anurupa wa safu ya ushauri, nisaidie, maana tangu Jumapili sina uso wa kupita sokoni. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Katwa, na tangu ujanani nampenda marehemu Nirupam Sarkhel, mwandishi wa riwaya wa bonde letu la mto Ajay, mtu aliyeandika njaa ya mfumaji kwa heshima mpaka msomaji unaona aibu kushiba, na kwa kuwa kule Kolkata kila mwandishi ana chama cha wapenzi wake na wetu hana hata kibao cha jina, nikakusanya watu arobaini tukaanzisha Chama cha Wapenzi wa Sarkhel, na siku ya uzinduzi nikaweka mezani picha yake pekee iliyo safi, ile waliyopiga barazani yeye na mkewe, nikaivisha shada la maua meupe kama tunavyovisha picha za marehemu wetu wote, wala kwa furaha sikuona kwamba shada limewazunguka wote wawili, na mkewe, Bibi Kiranbala, ana miaka tisini na moja na yu hai, mitaa mitatu tu kutoka ukumbini.

Gazeti la wilaya likaichapa picha. Kesho yake watu wakaanza kufika kwake na pole za msiba, naye akawafungulia mlango mwenyewe.

Sasa yeye ndiye mwenye chumba alichoandikia mumewe, ambacho tulitaka kiwe chumba cha kusomea, na bila hicho chama chetu ni mhuri mtupu. Nilimtuma mpwa wake aniombee radhi, akarudi na jibu hili: "Mwambie mwalimu mchana huu nimekula wali kwa dengu, nikaongeza." Wanachama wanasema niachane naye tutafute chumba kingine. Nifanyeje?

Pulakesh Maiti, Katwa

Mwalimu Pulakesh, nisikufiche, nimecheka, kisha nikakasirika. Mapenzi yako kwa Sarkhel ni ya kweli na nayaheshimu. Mimi mwenyewe nimeunguza vyungu kwa ajili ya riwaya zake. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwalika bibi huyu, sijapaona. Sarkhel aliandika katika kila dibaji kwamba mkewe ndiye aliyenakili kitabu kizima kwa mkono kabla hakijaenda kwa mchapaji. Wapenzi arobaini, na hakuna hata mmoja aliyesoma dibaji? Shada ni bahati mbaya tu. Bibi wa watu ulimzika siku ulipogawa kadi za mwaliko.

Na radhi haitumiwi mpwa, mtu mzima wewe. Nenda mwenyewe kesho akishamaliza sala zake, bila kamati, bila mpiga picha, na tafadhali usibebe ua la aina yoyote. Chukua peremende za maziwa, mguse miguu kwa heshima, useme umekosa, na neno chumba lisitoke kinywani mwako. Muulize ni ukurasa gani mumewe aliurudia mara nyingi zaidi, halafu nyamaza usikilize. Akikufukuza, rudi keshokutwa. Akikukaribisha, kadi ya kwanza ya uanachama ni yake, na wasiotaka waende kwenye hicho chumba chao.

Tena hilo jibu lake hukulielewa, mwalimu. Bibi anakuambia kwake bado kunapikwa. Nenda na njaa.