Mshono Ulionyooka

Chumbani kwako kwa zamani
2 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko makao makuu, na kazi zinakwendaje? Mimi mzima, ila vidole. Vidole vimejaa matundu ya sindano, na mwenye kosa ni wewe uliyenifundisha kazi hii.

Nimeingia kwenye watatu wa mwisho wa Tuzo ya Kazi ya Uwandani! Mkuu wa idara mwenyewe alisimama mlangoni mwa maabara akauliza, "Mdogo wake yule wa jiwe jekundu yupo?" Jiwe lako bado liko kwenye rafu ya washindi pale koridoni, na fundi wa maabara hulipangusa vumbi kuliko mengine yote. Nami nataka langu likae kando ya lako. Lakini kuliko jiwe, nataka lile linalofuata. Ripoti ya mshindi peke yake ndiyo idara huipeleka ofisi ya maji ikafanyiwa kazi. Zetu wengine hulala kabatini zikasomwa na mende.

Asante kwa kibali. Bila wewe, mlinzi wa kiwanda chenu asingenifungulia geti la shimo la taka za ngozi kule kilimani. Nitamwaga rangi mle shimoni, kisha nitatega vifuko vya mkaa kwenye chemchemi ya huku chini, vile ulivyonifundisha. Shimo likiwa linavuja, rangi itashuka na maji, na mkaa utainasa hata kama macho hayaioni. Najua halivuji, umeshaniambia. Lakini umeshaniambia pia kwamba neno la mtu si kipimo.

Mama mwenye nyumba anakusalimu sana. Bado anakuita mwanangu wa kwanza, na kikombe chako cha bati bado kinafunika ndoo yake ya maji ya chemchemi. Mimi amenipa cha plastiki.

Mdogo wako,
Kokoto


Makao makuu
11 Februari

Kokoto wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, nyumbani nako hawajambo, mama anauliza kama unakula. Barua yako nimeisoma ofisini nikicheka peke yangu mpaka karani akachungulia mlangoni.

Sasa nisikilize kuhusu hivyo vifuko. Kata kitambaa cha chandarua, si kile kizito, maji yapite. Mishono iwe midogo, na kila hatua moja urudi nyuma nusu. Fundo piga mara mbili, kwa ndani. Wewe mishono yako hupinda kama njia ya mbuzi, mkaa wote utaishia mtoni. Nakumbuka ile sare uliyoishona mwenyewe pindo, ukaenda shule upande mmoja mrefu na upande mmoja mfupi, ukasema ndiyo mtindo.

Pima bila hofu. Lile shimo lilitandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, na mimi ndiye niliyewahakikishia wakubwa kwamba halitavuja. Utathibitisha neno langu, na mimi nitajivunia.

Halafu kuna jambo, ila libaki kwako. Huenda wakanifanya mkuu wa kitengo cha mazingira. Usimwambie hata mama. Mdomo uliponza kichwa.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukimbilia habari kabla hata sijakuuliza hali. Rangi imefika.

Tulifunga mapazia ya maabara, fundi akawasha taa ya zambarau, na ile dawa tuliyolowekea mkaa ikang'aa kijani. Nilipiga kelele. Kisha nikamkumbuka Mama mwenye nyumba na ndoo yake, na wale wanawake wote wa bondeni wanaoogeshea watoto pale. Kumbe kila mvua inaponyesha wanateremshiwa maji ya ngozi.

Sijakwenda kiwandani, na sitakwenda. Nimetaka ulijue wewe kwanza, kabla hawajalijua wakubwa wako, upate nafasi ya kulisema wewe mwenyewe. Najua litakuuma, lakini nani atawakalia kooni walizibe kama si wewe?

Idara inasema kipimo cha mara moja ni hadithi. Sheria ya tuzo ni kwamba nirudie: nimwage rangi tena, nitege vifuko vipya, na safari hii mhadhiri aje avichukue kwa mkono wake. Vikitoa kijani, tuzo ni yangu, wameniambia wazi. Na shimo litazibwa. Niombee.

Mdogo wako,
Kokoto


5 Machi

Kokoto,

Salamu. Natumaini u mzima.

Nimeipata. Usimwambie mtu mwingine kwanza, tusije tukawatia watu hofu bure. Huenda rangi ilikubakia mikononi ukavigusa vifuko. Hutokea.

Dereva wa kiwanda atakuletea madumu ya maji. Kunywa hayo, na upikie hayohayo. Ya chemchemi yaache, yana chokaa, yataharibu meno yako.

Wiki utakayotega vifuko nitakuja kukuona. Ni muda mrefu.

Dada yako


12 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ulifika salama? Mimi mwili mzima, mengine usiniulize.

Vifuko havikung'aa. Mhadhiri alivitoa majini kwa mkono wake, fundi akawasha taa, tukakodoa macho gizani tukaambulia giza. Nilimwomba alowekee tena. Akalowekea tena. Hakuna kitu.

Mhadhiri alinionea huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kufokewa. Alisema eti mara ya kwanza nilikuwa na rangi mikononi. Waamuzi wakatikisa vichwa. Mmoja akasema nusura nichafue jina la kiwanda kwa uzembe wa kutonawa. Basi Siku ya Tuzo nikakaa safu ya nyuma, nikampigia makofi yule kijana tunayemwita Bwana Mboji, aliyeozesha takataka za soko mpaka zikawa mbolea. Kazi yake nzuri, ila inanuka. Jiwe lake limewekwa karibu na lako, pale pangu.

Angalau ulikuja. Nisingekuwa na wewe wiki ile ningeugua. Ulivyonipikia, ulivyokaa kitandani kwangu ukinisikiliza nikishona na kulalamika. Na alfajiri ile ulipoamka peke yako ukaenda kumchotea Mama mwenye nyumba maji, mtaa mzima umeshasikia. "Msomi yule, na bado ananibebea ndoo!" Ameshasimulia mpaka kwa fundi viatu.

Sijui nilikosea wapi. Nikiinuka nitakwambia.

Mdogo wako,
Kokoto


19 Aprili

Kokoto wangu,

Marahaba, mwanangu. Nilifika salama.

Pole sana, tena sana. Usijione mjinga. Mshindi ni mmoja, na waliokosa tuzo ile wakafanikiwa maishani ni wengi. Mimi nilikupenda kabla hujaokota jiwe hata moja.

Lile jambo langu limetimia. Nina ofisi yenye madirisha mawili sasa. Ukimaliza chuo usihangaike kutafuta kazi, njoo kwangu, nitakupokea kwa mikono yote.

Madumu yameisha? Dereva atakuletea mengine. Kunywa hayo.

Akupendaye, dada yako


3 Mei

Dada,

Leo sikuamkii.

Jana nilikwenda maabara kurudisha vyombo. Fundi alikuwa amevianika vile vifuko vya mara ya pili, akavishika akanitania, "Hongera, hatimaye umejifunza kushona." Nilicheka. Nikanyoosha mkono nivitupe. Nikaviangalia.

Mishono midogo. Kila hatua moja, inarudi nyuma nusu. Fundo mara mbili, kwa ndani.

Mimi sijawahi kushona mstari ulionyooka tangu nizaliwe, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Ungetaka kunidanganya ungeshona vibaya. Mikono yako imeshindwa kufanya kazi mbovu hata ilipokuwa inaiba.

Sasa nakumbuka kila kitu, na kila nikikumbuka nakasirika upya. Uliniuliza natumia uzi wa rangi gani, nikakuonyesha. Ukaniomba kipande cha chandarua eti ukafungie dawa za mende za kabatini, nikakukatia. Ukaniambia lala, umechoka. Nikalala! Nilijiona nina bahati ya dada.

Na madumu. Ulinitumia madumu kabla hujaja. Maana yake uliiamini ile kijani tangu siku ya kwanza, ulipokuwa unaniambia habari za mikono na chokaa. Mimi ulinikinga. Halafu alfajiri ile, kabla mhadhiri hajafika, ukaenda chemchemi, ukabadilisha vifuko, ukajaza ndoo palepale, ukambebea yule mama hadi mlangoni, naye akakushukuru.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiisikia, nikidhani ni methali ya familia za watu wengine.

Niambie si wewe. Andika tu maneno mawili, si mimi, nitajitahidi kuyaamini.

Kokoto


9 Mei

Kokoto,

Nakusalimu hata kama hutaitika.

Ni mimi.

Nilisimama mbele ya wakubwa nikasema shimo halivuji, na hawakunisahau kwa neno lile, ndiyo maana wakanipandisha. Barua yako ya Machi ilipofika nilikaa nayo mapajani mpaka watu wakaondoka ofisini. Nilifikiri: likisemwa sasa, nimekwisha. Nyumba ya mama haijaisha kuezekwa. Ada yako ni mimi. Nikafikiri nitalifukua shimo lile kiangazi, kimyakimya, niliwekee plastiki mpya, na hakuna atakayeumia wala kuaibika. Miezi tu, Kokoto. Wameyanywa kwa miaka, nikajiambia, miezi michache ni nini?

Nimeiandika sentensi hiyo na sasa nimeiona. Lakini sitaifuta, maana ndivyo nilivyofikiri.

Tuzo yako imeniuma, niamini. Sikufurahia hata dakika moja. Nakuomba kitu kimoja tu. Vichome vifuko vile. Wewe na mimi tumelala kitanda kimoja tangu utotoni, na damu ni nzito kuliko maji. Nipe mpaka kiangazi. Nijibu kwamba utanyamaza, hata kwa neno moja, nipate usingizi.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako kwa kuzaliwa kwanza, siwezi kukunyima. Mimi mzima. Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na kazi.

Sikuvichoma. Nilivipeleka kwa mkuu wa idara pamoja na vile vyangu vya mara ya kwanza, vilivyopinda. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akaniruhusu nipime mara ya tatu kwa kile kibali chako, ambacho hukuwahi kukifuta. Sijui ulisahau au kuna kipande cha moyo wako kilichokataa. Usinijibu, sitaki kujua.

Safari hii nilimwomba Mama mwenye nyumba alinde. Alikaa pale chemchemini na kigoda chake na mwavuli, kama anayefukuza ndege shambani, akamfokea hata mhadhiri alipotaka kunawa miguu. Usiku wajukuu zake walimpokea kwa zamu. Tulipowasha ile taa, maabara nzima ikawa kijani.

Tuzo sitaipata. Imeshatolewa, na Bwana Mboji hana kosa, ingawa alikuja mwenyewe kunipa jiwe lake nikalikataa. Lakini mkuu wa idara aliibeba ripoti yangu kwa mkono wake hadi ofisi ya maji, na chemchemi imefungwa. Watu wa bondeni wanaletewa maji kwa gari. Kesho wanapanda kilimani na kufungua shimo.

Waliniuliza nani alibadilisha vifuko. Umeniandikia kwamba damu ni nzito kuliko maji, na ni kweli, ndiyo maana nililia nilipokuwa nakutaja. Lakini nilikutaja. Watakuita. Nenda mwenyewe kabla hawajakuita, hilo ndilo ninaloweza kukupa, na ndilo nililokupa mwezi wa tatu ukalikataa. Jiwe lako liko bado kwenye rafu. Fundi ameacha kulipangusa.

Mama mwenye nyumba hajui. Alichoambiwa ni kwamba maji yalikuwa na sumu, basi. Nilijaribu kumwambia ni nani, nikashindwa, kazi hiyo nimekuachia wewe. Ila jana amenipa ujumbe, akanishika mkono akasema nisiache hata neno. Nimesimama mezani nimeuandika vile alivyousema, ndio huu:

"Mwambie mwanangu wa kwanza aende hospitali haraka akapimwe. Naye aliyanywa maji haya miaka yote aliyokaa kwangu, na juzi alipokuja alinichotea ndoo nzima, sikuwahi kumwonya. Mwambie anisamehe, sikujua."

Nimekufikishia.

Mdogo wako,
Kokoto